Kimelia Wapi?

Fundi Mkuu alisimamia kazi akiwa ametugeuzia mgongo. Mgeni akiingia kiwandani kwetu Kismayo, mahali tulipounda na kutengeneza vyombo vya mbao, alimkuta mzee ameketi juu ya gogo, uso kwenye ukuta wa mabati, kikombe cha kahawa ya tangawizi mkononi, na nyuma yake safu ya wanaume wakigonga nyundo. Wengi walidhani kanuna. Wengine walidhani kachoka na kazi. Sijaona bado macho yaliyowaangalia wafanyakazi vizuri kama mgongo ule.

Nitaeleza, maana bila kuijua kazi yenyewe huwezi kumjua mtu huyu.

Chombo cha mbao, hata kiundwe na bingwa, hubaki na nyufa baina ya ubao na ubao. Sisi tunaziita mishono. Kazi ya kuiziba mishono ni kalafati, na jina hilohilo ndilo la mwenye kuifanya. Kalafati huchukua uzi mnene wa pamba uliolowekwa sifa, yaani mafuta ya papa, akausukuma ndani ya mshono kwa patasi butu na nyundo ya mti. Anagonga, anasogea, anagonga tena. Mshono ambao haujashiba hutoa sauti nzito, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa. Ukishiba, sauti hupanda, ikawa nyembamba na kavu. Hapo ndipo kalafati husogea mbele. Akisogea mapema, chombo kitavuja. Akizidisha, atausukuma ubao utoke mahali pake. Kwa hiyo hii ni kazi ya sikio kuliko jicho. Makalafati wetu walikaa safu moja ubavuni mwa chombo, wakigonga kwa kipimo kimoja kama watu waitikiao dhikiri.

Ndani ya kipimo hicho Fundi Mkuu alisikia watu.

"Kombo ana njaa," alisema asubuhi moja bila kugeuka. Kombo alikuwa mcheshi wetu, mtu wa kisiwa cha Kudhaa, ulimi wake mkali kuliko tezo. "Mwana Esha, mpe kipande cha mkate kabla hajaniharibia ubao."

"Sina njaa, Fundi!" Kombo akapiga kelele. "Nimefunga!"

"Umefunga nini, na leo Jumanne? Umegombana na mkeo, hakukupa chai."

Safu nzima ilicheka, na Kombo akacheka kuliko wote, kwa sababu ilikuwa kweli. Akala mkate wake. Nyundo yake ikarudi kwenye kipimo.

Mwana Esha ni mimi. Sikuwa kalafati, kwetu hiyo ni kazi ya wanaume. Nilikaa kibandani na wanawake wenzangu, tukisokota pamba na kuiloweka. Niliingia kiwandani baada ya kukulia kambini, Kenya. Wazazi wangu walikimbia kutoka kisiwa chetu cha Chovae vita vilipoanza, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, na tuliporudi nilikuwa mtu mzima asiye na kazi yoyote mkononi. Wenzangu walishangaa. Mwanamke wa Kibajuni asiyejua kusokota! Uzi wangu ulitoka na vifundo, mahali mnene, mahali mwembamba kama uzi wa buibui. Niliufumua na kuusokota tena mpaka pamba ikawa nyeusi kwa jasho la vidole.

Fundi Mkuu alikuja kibandani. Nilingoja kuambiwa nirudi nyumbani. Aliketi kando yangu, si mbele yangu, akachukua pamba naye akaanza kusokota, macho yake kwenye vidole vyake mwenyewe. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Kambini mlikuwa mkifanya nini siku nzima?"

"Tulikuwa tukingoja, Fundi."

Akaendelea kusokota. "Basi mikono yako imejifunza kungoja. Si kazi ndogo hiyo. Sasa tutaifunza ya pili."

Akanipa kazi ya kusokota nyuzi fupi, zile zinazotiwa penye kona za omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, ambapo uzi mrefu hauingii vizuri. Uzi mfupi hauna nafasi ya kuwa na vifundo vingi. Sikuelewa siku ile, nimekuja kuelewa baadaye, kwamba alikuwa ameitafutia kazi yangu mbaya mahali pake halisi katika chombo. Hakunipa kazi ya kunihurumia. Ile pamba fupi ilihitajiwa, na tangu siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikijua kuna kona fulani isiyoingia maji kwa sababu yangu.

Kuketi kando ya mtu ndiyo ilikuwa desturi yake kubwa. Akisikia nyundo inasita, alibeba kahawa yake, akaenda akaketi ubavuni mwa mwenye nyundo, akashika chombo chochote cha kazi, wakawa wanatazama ubao mmoja. Niliwahi kumuuliza kwa nini hamwiti mtu pembeni akazungumza naye uso kwa uso, kama wafanyavyo wakubwa wengine.

"Mchu hasemi la moyoni akitazamwa usoni," alinijibu. Alisema "mchu" kama wazee wote wa visiwani, hakuwahi kusema "mtu". "Husema mkiwa mwatazama kitu kimoja."

Leo nina chumba cha ushonaji Mombasa, na mafundi wanawake wananitegemea. Nakwambia wewe unayesoma, hasa kama una watu chini yako na hujui uanzie wapi na yule ambaye kazi yake imeanza kuharibika: anza hapo. Vuta kiti ukae ubavuni mwake. Shika sindano. Usiulize mapema. Utashangaa.

Mama yangu alipofariki, nilimaliza siku za matanga nikamtumia Fundi Mkuu salamu kwamba sina nguvu za kurudi. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akakataa kuingia, akasimama na viatu mkononi.

"Njoo ukae," alisema.

"Siwezi kusokota, Fundi. Mikono haina nguvu."

"Nimesema ukae. Sikusema usokote."

Nikaenda nikakaa. Wenzangu walizungumza mambo yao ya kila siku, bei ya samaki, harusi ya fulani, kwa sababu yeye aliwaambia wasininong'onee kama mgonjwa. Sikumbuki ni siku ya ngapi niliyojikuta nina pamba mkononi. Hakuna aliyeniambia "hongera, umeanza". Uzi wangu ulichukuliwa, ukatiwa ndani ya sifa pamoja na nyuzi nyingine.

Lakini usije ukadhani nakuchorea malaika. Ukiacha patasi mchangani alikufokea mpaka ndege wa baharini waruke. "Wewe una mdomo, utajisemea! Patasi ina nani?" Kwenye bao alikuwa mshindani mbaya kabisa, akifungwa aliondoka bila kuaga na kesho yake alikusalimia kwa ncha ya ulimi. Sifa alizibania. Neno lake la juu kabisa lilikuwa "haya". Ulimwonyesha kazi uliyoifanya mpaka mgongo ukafa ganzi, akaipapasa, akasema "haya", akaenda zake. Tuliibeba ile "haya" nyumbani kama zawadi ya Idi.

Na jambo ambalo mpaka leo linanishinda: yeye aliyejua kukaa kando ya kila mtu hakumruhusu mtu akae kando yake. Wanawe walikuwa wametawanyika, mmoja bado kambini, wengine Ulaya. Simu yao ikilia, alitoka akaenda mpaka maji yanapoishia, akarudi na uso uleule aliokwenda nao. Siku moja Kombo alijaribu. Alichukua kahawa yake, akaenda akaketi ubavuni mwa mzee pale ukutani, akatazama mabati pamoja naye.

"Fundi, leo una nini?"

"Nina kalafati mvivu aliyeacha kazi kuja kutazama mabati."

Kombo alirudi kwenye safu akikuna kichwa. Tulicheka. Lakini nilimwona mzee akimwangalia kwa nyuma muda mrefu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Sasa nije kwenye habari ya Athumani, maana hapo ndipo nilipomjua Fundi Mkuu ni mtu wa namna gani.

Chombo kikimalizika, kabla hakijashushwa majini, tunakinywesha. Kwa pampu tunakijaza maji ndani, kikiwa bado juu ya magogo, kisha kiwanda kizima tunakizunguka kutafuta penye unyevu kwa nje. Maji yakitoka, tunasema chombo kinalia. Katika viwanda ambavyo wazee wetu walikulia, swali la siku hiyo lilikuwa moja: "Kimelia kwa nani?" Kwa sababu kila mshono una mwenyewe. Mwenye mshono alimwagiwa maji yaleyale, akatungiwa maneno na kuimbiwa, na jina alilopewa siku hiyo aliweza kuzikwa nalo. Wako watu waliohama kisiwa kwa aibu ya tone la maji.

Fundi Mkuu aliuliza, "Kimelia wapi?"

Alinieleza mwenyewe. Katika ujana wake alimwona kalafati akipangusa tone kwa ncha ya kikoi ili wenziwe wasilione. Chombo kikashushwa na mshono wake mbovu. Mzee hakuniambia kilichotokea baharini, na sikumuuliza. Aliniambia tu kwamba ukiuliza nani, watu hukuficha. Ukiuliza wapi, kila mtu ananyoosha kidole.

Athumani alikuwa na mkono bora kuliko wote katika safu. Alikuwa mtu wa Chovae kama mimi, mtaratibu, mcha Mungu. Kisha akabadilika. Akawa hajibu salamu. Ukimwita, anaendelea na njia. Kombo, ambaye nyumba yake na ya Athumani zilitengwa na ukuta mmoja, alisema Athumani siku hizi ni sultani, salamu zetu hazimtoshi. Na mishono yake ikaanza kulia.

Chombo kilichokuwa juu ya magogo wakati huo kilikuwa mashua kubwa ya injini ya kupeleka watu na mizigo Chovae, Fuma na Kudhaa. Tajiri wake alikuwa Msomali wa mjini, aliyehiji, mtu mwema lakini mwenye hofu. Tulipokinywesha, maji yalitoka kwenye mshono mrefu wa chini. Mshono wa Athumani. Akaurudia. Tulipokinywesha tena kikalia palepale, hatua kidogo mbele. Safari hii tajiri alikuwepo.

"Adeer," alisema, kwa neno la Kisomali la kumheshimu mzee, "chombo hiki kitawabeba wanangu. Mtoe huyu mtu. Usipomtoa, nitakivuta nikipeleke kwingine, na matajiri wenzangu watanifuata."

Nyundo zote zilinyamaza. Kila mmoja wetu alijua maana ya maneno yale. Boti za plastiki zilikuwa zimeanza kujaa pwani, kazi zetu zilikuwa zimepungua, na tajiri huyu ndiye aliyebaki kuwa nguzo. Akiondoka, kiwanda kimekwisha, na sisi sote turudi kungoja.

"Haji, una haki ya kuogopa," Fundi Mkuu alisema. "Chombo chako hakitaingia majini kikivuja hata tone. Kila mshono nitaukagua kwa mkono wangu. Nipe mpaka bamvua lijalo, maji yakijaa ndipo tutakishusha. Lakini mchu simtoi kabla sijajua ana nini."

"Na kama ana uvivu?"

"Mvivu huharibu kila mahali. Huyu anaharibu kwa namna moja tu: anasogea kabla mshono haujashiba. Iko kitu hakimfikii."

Tajiri alikiacha chombo juu ya magogo, akaondoka. Kombo akasimama. "Fundi, kwa heshima yako, na sisi tuna watoto. Kwa ajili ya mtu mmoja asiyetusalimu?"

"Kaa ugonge," mzee alisema.

Athumani wakati wote huu alikuwa amekaa, macho yanaruka kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule.

Siku iliyofuata Fundi Mkuu aliketi akiwa ameigeukia safu. Ilikuwa kama kuona jua limetoka upande mwingine. Watu walikosea kipimo kwa woga. Kisha akainuka, akapita nyuma ya Athumani kama anayekwenda zake, akachukua patasi na kuipiga ubavuni mwa chombo kwa nguvu zake zote. Wote waliruka. Kombo alimwaga chai. Athumani hakupepesa jicho, aliendelea kugonga. Hata mtetemeko uliopita kwenye ubao hakujua bado kuusoma.

Mzee aliirudisha patasi chini taratibu kabisa, kama anayelaza mtoto. Kombo akalalamika habari ya chai yake, wengine wakacheka, na hakuna aliyefikiri zaidi. Ila mimi nilikuwa nikitazama kutoka kibandani, na mzee aliona kwamba nimeona. Akaja.

"Mwana Esha, nipe pamba isiyo na sifa."

"Ya nini, Fundi?"

Alifinyanga vidonge viwili, akavitia masikioni, akavisukuma ndani kwa kidole. "Siri hii si yangu wala si yako," alisema, kwa sauti kubwa zaidi ya alivyokusudia. Akachukua patasi na nyundo, akaenda nyuma ya kiwanda, palipokuwa na mashua chakavu ambayo tungeichanja kuni, akaanza kugonga.

Alifanya hivyo siku baada ya siku. Mtu aliyeijua kazi ile tangu hajaota ndevu aliketi kuianza upya, akiwa kiziwi kwa hiari yake. Watu walidhani ameingiwa na wazimu. "Katia pamba masikioni asisikie ya tajiri!" Kombo alitania. Mzee hakugeuka. Kweli hakusikia.

Akaamuru mashua ile inyweshwe. Tulisimama kuizunguka, na maji yakaanza kutoka. Yalitoka kama kwenye tenga la samaki. Mshono wa Fundi Mkuu kulia! Yeye akatoa pamba masikioni.

"Kimelia wapi?"

Tukatazama miguu yetu.

"Semeni! Au mwaona haya kwa kuwa ni mkono wangu?"

Kombo akaizunguka mashua yote. "Fundi... kimelia kote."

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu wa mashua asianguke. Sote tukacheka, Athumani naye akacheka, akitutazama nyuso zetu kujua wakati wa kuacha. Kisha mzee akairudisha pamba masikioni na kuanza tena.

Nilimpelekea chai mchana mmoja. Alitoa pamba, akafuta macho. "Nimechoka, mwanangu, na si mkono. Ni macho. Nimeyafanyisha kazi ya masikio. Mchu wa namna hii hufika adhuhuri hana nguvu, nasi twasema ana kiburi." Akanywa. "Na anaogopa. Hiyo ndiyo inayomfanya asogee mapema. Haamini mkono wake, akikaa mahali pamoja muda mrefu anadhani tutamgundua."

Siku aliyoipata njia niliijua kwa kuwa alinyamaza ghafla na kuitazama ngumi yake ya kushoto, ile inayoshika patasi. Akagonga tena. Akaliegemeza goti kwenye ubao, akagonga. Akafumba macho. Baadaye alinieleza: mshono mtupu unameza pigo, na mshono ulioshiba unalirudisha. Chuma kinakusukuma kiganjani, mtetemeko unapanda mpaka kwenye kiwiko. Ulikuwa pale miaka yote, alisema, lakini mwenye masikio hana haja ya kukisikiliza kiwiko chake.

Akaenda akaketi kando ya Athumani. Kiganja chake akakiweka juu ya ngumi ya Athumani iliyoshika patasi. Athumani akagonga, akataka kusogea. Kiganja kikamzuia. Akagonga tena, akataka kusogea. Kikamzuia. Akagonga, na safari hii kiganja kikainuka. Sikuuona uso wa Athumani pale nilipokaa. Niliyaona mabega yake, namna yalivyoshuka, kama ya mtu aliyetuliwa gunia alilokuwa akilibeba bila watu kuliona.

Bamvua likaja. Tajiri akaja. Tukakinywesha chombo, tukazunguka. Tajiri hakutuamini, alipapasa mwenyewe kwa kiganja ubao kwa ubao, akaikunja kanzu yake akainama mpaka chini ya mshono ule mrefu. Akasimama na mkono mkavu.

"Adeer, umemweka nani mahali pake?"

Fundi Mkuu alikwisha kuugeukia ukuta wake. Akanywa kahawa. Nilielewa kwamba hatajibu, hata kama chombo kingeondoka, hata kama sote tungeondoka. Lile jibu halikuwa lake.

Athumani alikuwa amemtazama tajiri mdomoni. Akapiga hatua mbele.

"Ni mimi, Haji." Sauti yake ilikuwa kubwa mno. "Masikio yangu yamekufa. Nilificha kwa kuogopa kufukuzwa. Sasa nasikia kwa mkono. Ukitaka nigonge mbele yako, nitagonga."

Tajiri alimtazama, akautazama mgongo wa mzee. Akaikunjua kanzu yake. "Sukumeni chombo," alisema. "Maji hayatungoji."

Lakini kabla ya kusukuma, Kombo alitoka katika safu, akaenda akasimama mbele ya uso wa Athumani, karibu kabisa.

"Asalamu alaikum, Athumani."

"Waalaikumu salamu."

"Kumbe ulikuwa hujivuni!"

"Nijivunie nini, na jirani yangu ni wewe?"

Nadhani mjini walikisikia kile kicheko. Mzee hakucheka. Alipita, akaupapasa mshono ule mrefu kutoka mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Haya." Athumani aliuona mdomo wake. Tangu hapo, mwenye kutaka kumwita Athumani aligonga ubavu wa chombo mara mbili, naye aligeuka.

Mwaka huu nilirudi Kismayo kutembea. Athumani sasa ndiye msimamizi. Yeye haipi safu mgongo. Anaketi ameielekea, kiganja kimoja kimelala ubavuni mwa chombo, na nimeambiwa hapitwi na kitu. Kombo ana mvi, ulimi uleule. Fundi Mkuu bado anakuja kiwandani kila asubuhi, lakini kwa kuongozwa, maana macho yake yameingia ukungu. Mtu anayesimama mbele yake humjua kwa kikohozi chake. Alikataa kukaa bure, akaomba mshono, wakampa mmoja mfupi karibu na usukani.

Nilibahatika kuwepo siku ya kukinywesha chombo. Nilisimama naye, mkono wake begani mwangu.

"Kimelia wapi?" akauliza.

Kilikuwa kimelia mahali pamoja tu. Karibu na usukani. Makalafati vijana walitazamana.

"Nyuma, Fundi, karibu na usukani," Kombo akasema. "Ni padogo."

Mzee aliupapasa ubavu wa chombo mpaka vidole vikakuta maji. Akavinusa. "Huu ni mshono wangu."

"Hatukuulizwa ni wa nani," Kombo alisema. "Tumeulizwa wapi."

Watu walicheka kidogo, kwa upendo, lakini yeye hakucheka. Nilimrudisha kwenye gogo lake. Aliitoa patasi yake kiunoni, ile ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuishika, akaiweka mapajani mwangu.

"Mimi nimekwisha, mwanangu. Niongoze nyumbani."

Nilikaa tu kando yake, nikautazama ukuta alioutazama. Nilipogeuka nilimwona Athumani. Amevua kilemba chake, anajifunga nacho macho, anakaza fundo kisogoni. Masikio hana, na sasa hana macho. Akapapasa mpaka akaupata ule mshono wa nyuma, akaegemeza goti kwenye ubao, akaanza kugonga. Safu nzima iliziweka nyundo chini. Kiwanda kikabaki na nyundo moja, inayogonga, inayosita, inayopapasa, inayogonga.

Mzee akainua kichwa.

"Nani huyo?"

"Ni Athumani, Fundi."

"Mkono wake wasita leo. Ana nini?"

"Anajifunza kitu," nikamwambia.

Alisikiliza. Nyundo ikagonga, ikanyamaza, ikagonga.

"Anasogea mapema," alisema. Akainuka, akapapasa mpaka akakipata kikombe chake cha kahawa, kisha akaninyooshea mkono wa pili. "Nirudishie patasi yangu. Nipeleke nikakae naye."